Jiwe, Betri na Maji ya Betri: Historia ya Majina Machache, kwa Mfano wa Heru Juu

1. Madhumuni ya makala

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya majina ya kifaa kimoja ambacho kila ofisi yenye gari inakifahamu, nacho ni betri. Msomaji huenda akajiuliza kama jambo hili lastahili kurasa za jarida la istilahi. Neno betri limekwisha kuingia katika lugha, hulitamka mtoto na mzee, wala hapana anayelipinga. Hata hivyo, neno likishapokewa na wote ndipo linapoanza kubebeshwa maana nyingi bila ya kusailiwa. Mtu anayetaka kubadili betri iliyokufa ya pikapu huyatumia majina kadhaa kwa wakati mmoja: betri kavu, betri ya maji, maji ya betri, N70. Baadhi ya majina hayo yana maana mbili, na moja lina maana tatu. Fundi aliye mbele ya gari huuliza akaelewa. Karani anayeandika barua ya ombi, na mtafsiri anayefasiri maelezo ya mtengenezaji, hawana mtu wa kumwuliza.

Mfano wetu ni Heru Juu, katika nyanda za juu za Kasulu, mkoani Kigoma. Tumepachagua mahali hapa kwa sababu tatu. Kwanza, wenyeji wake ni Waha, na Kiha ni lugha ndugu ya Kirundi na Kinyarwanda. Kwa hiyo twaweza kuona Kiswahili kikipokewa na watu wenye lugha yao wenyewe iliyo hai. Pili, mahali hapa pako mbali na bandari na viwanda, hata kila kifaa kilifika kikiwa na jina lililokwisha kusafiri. Tatu, kwa miaka mingi barabara za Kasulu na Kibondo zilikuwa za udongo, na gari la kazi likawa ni lile lenye bodi ya kupakilia nyuma, yaani pikapu.

2. Majina ya mbali: mizinga na rundo

Yafaa tuanze mbali kidogo, ili tusidhani kwamba lugha za wenzetu zilikipa kifaa hiki jina kwa hesabu za kisayansi.

Benjamin Franklin wa Marekani ndiye aliyelitumia jina hili kwa vyombo vya umeme mwaka 1749. Alikuwa amevipanga vioo kadhaa vyenye kuhifadhi umeme na kuviunganisha vitoe nguvu zao kwa pamoja. Neno alilolichukua lilikuwa la kijeshi: kundi la mizinga iliyopangwa safu moja ili ipige kwa pamoja. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kupiga. Kwa hiyo, jina ambalo leo tunalitamka bila ya kufikiri ni jina la silaha.

Miaka 51 baadaye, mwaka 1800, Alessandro Volta wa Italia alitangaza chombo chake cha sahani za zinki na fedha au shaba, zilizopandana moja juu ya nyingine, na katikati yake vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Wafaransa na Waitalia wakakiita kwa jina la kitu kilichorundikwa, na mpaka leo jina hilo la rundo ndilo wanaloliita jiwe la tochi, ingawa ndani yake hamna tena rundo lo lote. Mwingereza aliona mizinga, Mfaransa akaona rundo. Hapana hata mmoja aliyeelezea kazi ya kifaa. Kila mmoja alitaja umbo alilolifahamu.

Laiti mtafsiri wetu wa zamani angalifasiri maana ya asili ya neno la Kiingereza, tungalipata kitu kama "safu ya mizinga". Katika nyanda za Kasulu na Kibondo jina hilo lingaliwachekesha watu, kwani huko mzinga ni kwanza wa nyuki. Somo lililomo ni kwamba asili ya neno katika lugha ya kigeni si lazima iwe mwongozo wa kuliundia istilahi katika lugha yetu. Mwongozo ni kile kitu chenyewe na kazi yake.

Aina mbili za kifaa hiki ndizo zilizofika Afrika Mashariki, nazo ni za historia tofauti. Mwaka 1859 Gaston Planté wa Ufaransa alitengeneza betri ya sahani za madini ya risasi zilizozamishwa katika asidi ya salfa. Hii huweza kuchajiwa tena na tena. Mwaka 1881 Camille Faure, naye Mfaransa, aliboresha sahani hizo kwa kuzipaka rojo ya oksidi ya risasi, na hapo betri ya namna hii ikaweza kutengenezwa viwandani. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner alipata hataza ya seli isiyomwagika: kopo la zinki, kijiti cha kaboni katikati, na rojo badala ya maji. Hii haichajiwi, ikiisha hutupwa. Ya Planté ndiyo mzazi wa betri ya gari, hasa baada ya mwaka 1912, magari ya Cadillac yalipoanza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Ya Gassner ndiyo mzazi wa jiwe la tochi.

3. Njia ya majina mpaka Buha

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, katika siku za mwisho za utawala wa Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka nchi hiyo, wakaitawala Buha mpaka mwaka 1921 ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Katika muda wa miaka saba tu, kwa hiyo, wenyeji walipitiwa na serikali tatu zenye lugha tatu. Kiswahili kilizipita zote. Askari, karani na mchukuzi wa Mjerumani walikitumia. Wa Mwingereza vilevile. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1930 ilikishughulikia kwa kusanifisha tahajia na vitabu vya shule, lakini lugha ya karakana haikuwa miongoni mwa kazi zake za kwanza. Maneno ya karakana yalipita njia nyingine.

Njia hiyo ilikuwa ni ya manamba. Waha wengi walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na ya reli ya kati, hasa baada ya wenye mashamba kuanzisha ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, mwaka 1944. Jina manamba lenyewe latokana na namba aliyopewa kila kibarua. Aliyerudi kwao hakurudi na mshahara tu. Alirudi na Kiswahili cha shambani, chenye majina ya mashine, trekta, lori, dereva na fundi. Aghalabu mtu wa kwanza kijijini kuweza kusema jinsi gari linavyowashwa hakuwa mwalimu wala karani bali ni yeye aliyewahi kuwa tanboi wa lori.

Tochi na redio zilifika kwa njia hiyo, kisha kwa maduka. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam kilichotengeneza redio na mawe yake, yenye chapa ya National. Wakati huohuo siasa ya nchi ilikuwa ikiitaka redio ifike kila mahali. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya shughuli za serikali, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu wengi wa mkoa huo katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni mbili, nchini kote, katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Katika vijiji visivyo na umeme, kila kikundi cha namna hiyo kilitegemea mawe machache ya redio. Mawe yalipokwisha, somo lilikwisha. Si ajabu basi kwamba jina la kitu hiki kidogo lilijulikana na wote.

4. Jiwe na betri: mgawanyo uliofanywa na wasemaji

Hapa pana jambo linalofaa kuangaliwa sana na wanaistilahi. Kiingereza kina neno moja kwa vitu vyote viwili, kile cha tochi na kile cha gari. Wasemaji wa Kiswahili wa kawaida hawakuridhika na neno moja. Kitu cha tochi waliita jiwe, na wengine wakaita kaa. Kitu cha gari wakaita betri. Lugha ndugu za Kiha zilifanya vivyo hivyo: Mrundi na Mnyarwanda huyaita mawe ya tochi kwa neno lilelile la mawe, amabuye, na betri ya gari huitwa kwa neno la mkopo kutoka Kifaransa. Watu wa lugha mbalimbali, waliokopa kwa wakoloni mbalimbali, walifikia mgawanyo mmoja.

Kwa nini jiwe? Ni zito kwa ukubwa wake, ni gumu, ni baridi mkononi, wala halionyeshi kwa nje kwamba lina nguvu yo yote. Kwa nini kaa? Aliyewahi kulivunja anajua: ndani hutoka unga mweusi na kijiti cheusi kinachochafua vidole. Jina la kwanza lataja sura ya nje, na la pili lataja tumbo. Yote mawili ni majina ya watu walioangalia.

Tena mgawanyo huu si wa sura tu, bali unafuatwa na vitenzi. Jiwe huisha, likiisha huanikwa juani likaombwa siku mbili zaidi, kisha hutupwa. Betri hufa, lakini kabla ya kufa hulala, huchajiwa, huongezwa maji, hushika chaji au hukataa. Msemaji aliyejifunza vitenzi hivi amejifunza, bila ya darasa, tofauti kati ya kemia ya Gassner na kemia ya Planté: ya kwanza ni ya kwenda bila ya kurudi, ya pili yaweza kurudishwa nyuma kwa kuipitishia umeme.

Lugha sanifu ilifanya nini? Ililipokea betri, ikaliacha jiwe mtaani. Leo kamusi na vitabu vya shule huita betri vitu vyote: cha tochi, cha saa, cha simu, cha gari, cha kuhifadhia umeme wa jua. Hatusemi kwamba uamuzi huo ulikuwa mbaya. Neno moja la jumla lahitajika. Lakini lugha ilipoliacha jiwe haikuweka kitu mahali pake, na pengo hilo ndilo linalosababisha matata yanayofuata.

5. Barua ya ombi

Tuchukue mfano wa kubuni. Ofisi moja ya huduma za mifugo huko Heru Juu ina pikapu ya dizeli. Asubuhi za Juni na Julai, nyanda za juu zinapokuwa na baridi, stata hugeuka kwa uvivu, na vijana huitwa kulisukuma gari ili washtue injini. Fundi ameipima betri akasema imekufa. Karani anaandika makao makuu ya wilaya: "Tunaomba betri moja kavu ya pikapu, N70, pamoja na maji yake." Barua hii ni fupi, ina adabu, na haina kosa la sarufi. Hata hivyo, mtunza bohari anayeipokea aweza kuielewa kwa namna nne au tano.

Dizeli huhitaji betri yenye nguvu kuliko petroli, kwa kuwa hewa ndani ya silinda hubanwa zaidi na stata hufanya kazi kubwa zaidi. Baridi huongeza taabu mara mbili: mafuta ya injini huwa mazito, na kemia ya betri hupungua kasi. Barabara ya udongo nayo huongeza ya tatu, kwani mtikisiko huyapukutisha madini yaliyopakwa juu ya sahani mpaka yarundikane chini na kuzigusanisha. Anayechagua betri mpya ya gari kama hili hana budi kuzingatia volti, ukubwa wa sanduku, upande wa ncha, wingi wa umeme unaohifadhiwa, nguvu ya kuwashia injini katika baridi, na aina ya betri. Tuone ni mangapi kati ya haya yamesemwa na barua yetu.

6. "Kavu": neno moja, vitu vitatu

Katika vitabu vya fizikia, seli kavu ni ile ya Gassner, yaani jiwe la tochi. Katika maduka ya vipuri, betri kavu ni betri ya gari iliyofungwa kabisa, isiyo na vifuniko vya kuongezea maji. Tena pana betri ya tatu, ambayo hutoka kiwandani ikiwa na sahani zilizokwisha kuchajiwa lakini haina asidi ndani. Mnunuzi au fundi huitia asidi siku ya kuanza kuitumia. Hiyo nayo huitwa kavu, na kwa haki zaidi kuliko ya pili, maana kweli ni kavu.

Ya pili ndiyo yenye hatari. Betri iliyofungwa si kavu hata kidogo. Ndani yake mna asidi ileile ya salfa iliyo katika betri ya maji, ingawa katika aina nyingine hiyo asidi imefyonzwa na mikeka ya nyuzi za kioo au imegandishwa kama uji. Mtu aliyeambiwa kwamba betri ni kavu hana sababu ya kuogopa kuilaza ubavu ndani ya bodi ya pikapu, au kuipasua ili kutoa madini ya risasi. Jina limemwambia kwamba hamna cha kumwagika. Hapa istilahi mbovu haiharibu mtihani wa mwanafunzi tu. Yaweza kumchoma mtu mikono na macho.

Kadhalika barua yetu inaposema "betri moja kavu … pamoja na maji yake," mtunza bohari ana haki ya kushangaa. Kama ni iliyofungwa, haihitaji maji. Kama ni ile iliyochajiwa bila ya asidi, basi yanayohitajika si maji bali asidi. Hapo tunafikia neno lenye kutatiza kuliko yote.

7. "Maji ya betri"

Maji ya betri ni usemi wa maana mbili zinazopingana. Kwa wengine ni maji safi yaliyokenekwa, yasiyo na chumvi wala madini, ambayo huongezwa betri inapopungukiwa. Kwa wengine ni asidi ya salfa iliyozimuliwa, ambayo hutiwa mara moja tu mwanzoni. Vyote viwili huuzwa katika chupa za plastiki, vyote viwili havina rangi, na vyaweza kukaa rafu moja.

Ili kuona uzito wa tofauti hii hatuna budi kueleza kinachotokea ndani. Betri inapochajiwa, hasa ikizidishiwa chaji, sehemu ya maji hugawanyika kuwa gesi za haidrojeni na oksijeni zikatoka. Na joto nalo huyapunguza maji kwa mvuke. Asidi haiondoki. Kwa hiyo kinachopungua ni maji, na kinachopaswa kurudishwa ni maji. Anayeongeza asidi badala ya maji huifanya iliyomo kuwa kali kupita kiasi, nayo huzila sahani na vigawanyishi vyake. Kwa siku chache betri huonekana kama imefufuka, ndiyo maana kosa hili hurudiwa. Kisha hufa moja kwa moja. Kinyume chake, anayetia maji matupu katika betri mpya isiyo na asidi hapati umeme wa kuwashia cho chote.

Zaidi ya hayo, neno maji humwondolea mtu hofu. Mtoto hukatazwa asiguse asidi. Nani humkataza asiguse maji? Mafundi wenyewe wameona haja ya kutofautisha, na si ajabu kumsikia mmoja akisema "maji makali" anapokusudia asidi. Lugha ya serikali ina neno tindikali, nalo lafahamika sana na wananchi, kwa bahati mbaya kutokana na habari za watu waliomwagiwa. Vitabu vya sayansi hutumia asidi. Maneno yapo, basi. Kilichokosekana ni desturi ya kuyaandika juu ya chupa na ndani ya barua.

Hapa yapasa kuongeza neno juu ya risasi. Asili yake ni Kiarabu, nako laitaja ile metali. Maana yake ikapanuka mpaka kwa kile kinachotoka katika bunduki, kwa kuwa kilitengenezwa kwa metali hiyo. Leo kwa wengi maana ya pili imeimeza ya kwanza. Mtafsiri akiandika "betri ya risasi" msomaji huweza kusita. Waandishi wa habari za afya wamezoea kuandika "madini ya risasi", na desturi hiyo yafaa kufuatwa, kwa kuwa metali hii ni sumu, hasa kwa watoto, na yule anayeyeyusha betri kuukuu nyuma ya nyumba hana budi kuelewa kwamba anachovuta si moshi wa kawaida.

8. N70: namba iliyogeuka jina

N70 ni alama ya Kijapani. Magari ya Japani yalipoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 na 1980, alama za betri zake zilienea pamoja nayo: N50, N70, N100, N120 na kadhalika. Kwa alama hizi rahisi, namba huonyesha wingi wa umeme uliohifadhiwa kwa kipimo cha ampea-saa, yaani kwa N70 ni ampea-saa 70. Mafundi wetu wakazifanya nomino kamili. Husikika mtu akisema "nataka N sabini" kama asemavyo "nataka kilo ya sukari".

Kisha Japani yenyewe ikabadili utaratibu wake, ikatumia alama ndefu zaidi. Ile N70 sasa huandikwa, kwa mfano, 65D31R. Katika alama hiyo 65 si ampea-saa bali ni daraja la uwezo wa jumla; D yaonyesha upana na kimo cha sanduku; 31 ni urefu wake kwa sentimita; na R yaonyesha upande wa ncha. Anayezoea kusoma namba ya kwanza kama ampea-saa atadhani kwamba betri hii ni ndogo kuliko N70, na kumbe ni ileile. Upande wa ncha nao si jambo dogo: sanduku likikaa vizuri lakini ncha zikawa upande usiofaa, nyaya fupi za gari hazifiki, au huvutwa kwa nguvu mpaka zikagusa bati.

Ampea-saa zenyewe hazitoshi kumwongoza mnunuzi. Zinasema betri ina akiba kiasi gani, hazisemi yaweza kuitoa akiba hiyo kwa kasi gani. Tofauti hii imekuwa muhimu tangu umeme wa jua ulipoenea vijijini. Betri ya gari ina sahani nyembamba na nyingi, ili itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe tena na altaneta. Betri ya sola ina sahani nene, ili itoe kidogo kidogo usiku kucha. Anayeichukua ya gari akawashia taa na televisheni mpaka iishe kabisa, mara kwa mara, huiua mapema. Anayeitia ya sola katika pikapu ya dizeli aweza kukuta kwamba stata haigeuki asubuhi ya baridi, ingawa ampea-saa zilizoandikwa ni nyingi. Vyote viwili huitwa betri, na vyote viwili vina volti 12.

Hatimaye, baadhi ya magari ya dizeli hutumia betri mbili. Zikiunganishwa mfululizo hutoa volti 24; zikiunganishwa sambamba hubakia volti 12 na akiba huongezeka. Fizikia ya shule za sekondari imekwisha kuyafundisha maneno hayo mawili, mfululizo na sambamba. Yafaa yatoke darasani yakaingie katika karakana na katika barua.

9. Mapendekezo

Heru Juu yenyewe yatufundisha jinsi istilahi njema inavyoundwa. Heru ni jina la wenyeji, jina la utawala wa kale wa Buha ambao mtawala wake wa miaka ya mwisho ya mkoloni alikuwa Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache waliopata kuwa machifu katika Tanganyika. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, jina likabaki. Palipohitajika kuitofautisha Heru moja na nyingine, hapakubuniwa jina jipya wala halikukopwa; liliongezwa neno moja la Kiswahili, Juu, na mkanganyiko ukaisha. Jina la msingi likae, na kivumishi kifanye kazi ya kutofautisha. Kwa kanuni hiyo tunapendekeza yafuatayo kwa watafsiri, walimu na watumishi wa serikali:

(a) Betri libaki kuwa neno la jumla. Jiwe la tochi na jiwe la redio yasihesabiwe kuwa lugha ya ovyo. Yanafaa katika maandishi ya watu wote. Katika sayansi litumike seli kavu.

(b) Betri kavu lisitumike kabisa kwa betri ya gari. Isiyofunguliwa iitwe betri iliyofungwa. Inayoongezwa maji iitwe betri ya kuongeza maji. Na ile inayouzwa kabla ya kutiwa asidi iitwe betri isiyotiwa asidi.

(c) Maji ya betri lisiandikwe peke yake juu ya chupa, katika barua wala katika kitabu. Yaandikwe ama maji yaliyokenekwa ama asidi ya betri, na hii ya pili ifuatwe na onyo.

(d) Betri ya gari na betri ya sola zitofautishwe kwa kazi zake: betri ya kuwashia na betri ya akiba.

(e) Namba za kiwandani ziandikwe kama zilivyo juu ya betri ya zamani, lakini zisiachwe peke yake.

Tukizifuata, barua ya karani wetu ingesomeka hivi: "Tunaomba betri moja ya kuwashia, iliyofungwa, ya volti 12, ampea-saa 70, kwa pikapu ya dizeli. Betri ya zamani ina alama 65D31R." Imezidi ile ya kwanza kwa maneno machache, na sasa mtunza bohari hahitaji kubahatisha. Haihitaji asidi wala maji, kwa hiyo havikutajwa.

Yawezekana kusema kwamba watu wamekwisha kuzoea, na kwamba lugha haiamriwi. Ni kweli kuwa haiamriwi. Lakini wasemaji wetu wenyewe ndio waliotenganisha jiwe na betri, bila ya kamati na bila ya waraka, kwa kuwa waliona vitu viwili na wakataka majina mawili. Lugha sanifu ndiyo iliyoviunganisha tena. Imekopa kwa manufaa makubwa kutoka lugha za nchini, tukapata ikulu, kitivo na ngeli. Haipungukiwi kitu ikijifunza pia kutoka kwa tanboi, fundi na msikilizaji wa redio. Maneno yaliyopendekezwa hapa yote yamekwisha kuwamo vinywani mwa watu au katika vitabu vya shule. Kazi iliyobaki ni ya walioshika kalamu, nao ni walimu wanaosahihisha insha, watafsiri wa maelezo ya viwandani, na makarani wanaoandika barua za ombi.